Siku Bibi Alizoacha Kunung'unika

Juzi mtoto mmoja aliingia kliniki kwangu akiwa na kopo la maziwa lililotiwa kokoto. Mama yake alikuja kupimwa presha, na yeye akakaa chini, mgongo ukutani, akawa analitikisa kopo lake: cheke, cheke, cheke. Wagonjwa kwenye benchi wakacheka, na mzee mmoja akamtabiria kuwa akikua atakuwa mpiga ngoma. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, kalamu ikaniponyoka. Nilijifanya kuiokota, nikabaki nimeinama chini ya meza hadi yule mama alipoitwa chumba cha pili na kuondoka na mwanawe.

Nichekeni kama mnataka. Mtu mzima, daktari wa watu hapa Kibiti, anajificha chini ya meza kwa kuogopa kopo. Lakini nikiwasimulia habari yenyewe huenda mkanisamehe, na mkinisamehe mtakuwa mmenizidi, maana mimi mwenyewe bado sijaweza.

Kila mgonjwa anayeketi mbele yangu namwandikia kadi, na maelezo yake huanza kwa herufi mbili, C na O, zilizotenganishwa na mkwaju. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, complains of, yaani mgonjwa huyu analalamikia nini. Analalamikia kichwa, analalamikia tumbo, halafu unaendelea. Nimeziandika herufi hizo mara nyingi kuliko jina langu. Mara ya kwanza kuziona nilikuwa na miaka kumi, na siku hiyo mbele yake hapakuandikwa kitu.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Bi Somoe. Shamba lake la mpunga lilikuwa bondeni, chini ya Mahege, mahali ambapo mto ukifurika unaacha udongo mweusi unaonukia samaki. Mpunga ukianza kuiva, watu wa kwetu huhamia mashambani wakakaa kwenye madungu, vile vibanda vinavyosimama juu ya miti mirefu, ili kuamia ndege. Ukichelewa kuamka siku moja tu, kwelea kwelea wanakuachia mabua. Mama yangu alikuwa akiuza maandazi sokoni Kibiti, asingeweza kuacha biashara, kwa hiyo likizo ya mwezi wa sita ilipofika mimi ndiye niliyepelekwa kumsaidia Bibi. Kutoka kwenye dungu letu ilipita kamba ndefu hadi mwisho wa shamba, imefungwa makopo yenye kokoto. Ndege wakitua, navuta kamba, makopo yanalia shamba zima, na wale wezi wanaruka kwenda kwa jirani.

Sasa, Bibi alikuwa na sifa moja iliyojulikana mpaka Nyamwage. Alinung'unika. Akifungua jicho tu, kabla hata ya kumtaja Mola wake vizuri, alikuwa ameshaanza na goti. Kutoka kwenye goti alihamia kwenye umande, kutoka kwenye umande kwenye nguruwe pori, kwa mkwe wake, yaani baba yangu, kwa watu wa siku hizi wasiojua kusuka mkeka, kwa chai yenye sukari kidogo, kisha kwa chai yenye sukari nyingi. Mvua isiponyesha ni kosa, ikinyesha imenyesha vibaya. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ndogo, ya puani, inakwenda na kurudi siku nzima, na mtu akiwa mbali asingepata maneno ila angejua kuwa Bi Somoe yupo na amekwisha amka. Mama Hadija, aliyekuwa kwenye dungu la jirani, alisema yeye hahitaji jogoo.

Mimi nilikuwa nikiona haya. Mjini wenzangu walinitania kuwa bibi yangu ataifikia pepo na kulalamika kuwa ina kivuli kingi. Nilipomsimulia Mama utani huo alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Tumemwambia mpaka tumechoka. Marehemu baba alimwambia, wajomba zako walimwambia, mimi nimemwambia. Mama yangu hanyamazishwi na mtu."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, hilo mnalijua. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na babu, hata akiwa amelala kaburini, ndiye mume wao wote wawili. Bibi aliuchukua utani huo kwa uzito wake. Hakuwahi kuniita Zaituni. Aliniita mke mwenzangu. Akinikabidhi samaki wa kuparua ananiambia, "Fanya haraka, mke mwenzangu, mume wetu hapendi kungoja." Nikilala mpaka jua likapanda ananisema kwa marehemu: "Unamwona huyu uliyeniletea? Kazi yake kujinyoosha." Nami namjibu kuwa mke mkubwa akizeeka lazima awe na wivu. Tulikuwa tunacheka mpaka ndege wanatusahau, nasi tunawasahau wao.

Basi siku moja niliamua kumpikia. Nilikuwa sijawahi kupika peke yangu. Bibi alishuka kwenda kuangalia mgono wake, ule mtego wa samaki, kwenye bwawa, nami nikachochea moto chini ya dungu, nikachemsha wali, nikapika kambare kwa embe bichi nililookota njiani. Moshi ulinitoa machozi. Nilipakua, nikafunika kwa kawa, nikakaa kumngoja kwa hamu ambayo sijawahi kumngoja nayo mtu yeyote tangu hapo.

Alikuja, akafunua, akaonja. "Mmh. Chumvi imekimbia. Na wali una moshi. Embe nani anatia jingi hivi, jamani, meno yangu yenyewe mawili. Na huyu kambare hajaoshwa utelezi…" Akaendelea hivyohivyo huku anakula, na ninawaapia alikula mpaka akakomba sahani. Lakini mimi sikuiona sahani. Niliyasikia maneno tu.

Nilipanda dungu, nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikashuka nikaketi kwenye kipago cha mwisho cha ngazi, uso nimeuelekeza njia ya mjini, furushi kichwani. Mwanamke wa kwetu akisusa ndivyo afanyavyo. Hagombani. Anafunga nguo zake, anarudi kwao, na aliyemkosea ndiye anayemfuata.

"We mke mwenzangu, waenda wapi?"

"Kwetu. Nimesusa."

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Alipoona sigeuki, akanipita akapanda juu, kisha nikasikia magoti yake yakishuka ngazi moja moja. Alikuja mbele yangu na ile kanga yake mpya aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya Idi, akanifunika mabegani kama anavyofanyiwa mwanamke anayerudishwa. "Nimekosa, mwenzangu. Nani atanivutia kamba? Nani nitasema naye humu bondeni? Haya, toa masharti yako."

Nilikuwa na sharti moja. Asinung'unike tena mpaka mpunga ukatwe na kuingia ghalani. Akinung'unika hata mara moja, narudi kwetu na hanioni tena. Nililitoa kwa sauti ya mtu mzima, mikono kiunoni.

Alinitazama. Akalamba kidole cha shahada, akakielekeza mbinguni. "Wallahi, hutosikia neno. Miye na ulimi wangu tumeachana leo."

Alishika ahadi. Siku ya kwanza nilikuwa namvizia. Alijipiga goti kwenye ngazi, akatulia. Chai iliungua, akainywa. Kila aliponusurika ananitazama kwa pembe ya jicho, mashavu yametuna kwa maneno aliyoyazuia, nasi tunapasuka kwa kicheko. Nilijiona mtu mkubwa. Jambo lililowashinda watu wazima wa ukoo mzima nimeliweza mimi, mtoto wa darasa la nne.

Siku ya pili au ya tatu, sikumbuki sawasawa, alirudi kutoka bwawani anachechemea. Aliketi kwenye gogo, akaugeuza mguu wake juu ya goti, akautazama. Alikuwa amekanyaga kisiki cha tete kilichokatwa mshazari, kikamwingia kisiginoni. Damu ilikuwa imechanganyika na tope. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona, jamani. Mdomo ulifunguka, pumzi ikaingia, "A—" ikaanza kutoka, macho yake yakanikuta nimesimama na kidole nimekinyanyua namwonya huku nacheka. Akaufunga mdomo. Akatabasamu. Akachana ukingo wa kanga kuukuu, akajifunga kisigino, akainuka kwenda kupepeta mchele.

Nilimpigia makofi.

Siku zilizofuata zilikuwa tulivu kabisa, na mimi niliupenda utulivu ule. Nilisikia maji ya mto kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mama Hadija akapiga kelele kutoka dungu lake, "Bi Somooee! Mbona kwako kimya? Wazima huko?" Kabla Bibi hajajibu mimi nikadakia: "Wazima! Tumewekeana masharti, hanung'uniki mpaka mavuno!" Mama Hadija akacheka sana. "Mashallah, mke mdogo kashika nyumba!" Akarudi kwenye ndege wake. Shamba lake lilikuwa umbali wa kutupa jiwe mara tatu. Angekuja kutazama, na jibu langu likamzuia.

Wiki moja na siku kadhaa baadaye Bibi akaanza kula kidogo. Nilipika wali mbichimbichi, akautafuna taratibu, akausukuma pembeni. Hakusema kitu juu ya wali. Nikafurahi. Kesho yake akawa anazungumza meno yamebana, maneno yanatokea kwa shida katikati, "Sina… njaa… mwenzangu." Nikadhani ni mchezo wake mpya, ananionyesha jinsi anavyoyafungia manung'uniko ndani. Na mimi nikabana meno yangu nikamjibu vilevile. Tulikaa tunaongea hivyo. Alijaribu kucheka.

Asubuhi iliyofuata hakuinuka kwenye mkeka. Shingo yake ilikuwa imekazana, macho yako wazi, ananifuata nayo. Ndege nao walikuwa wengi siku ile kuliko siku zote. Nikasema, "Pumzika, Bibi, leo naamia peke yangu," nikavuta kamba. Makopo yakalia. Nyuma yangu nikasikia mkeka unakwaruza. Nikageuka, nikamwona Bibi amejikunja kinyume, mgongo umenyanyuka juu, kichwa na visigino tu ndivyo vimegusa mkeka, uso umevutwa ukawa kama anacheka. Kisha akalegea. Ndege wakatua tena. Nikavuta tena.

Mara tatu nilivuta, mpaka akili ya mtoto ilipofahamu kuwa makopo na mgongo wa Bibi vimeungana. Niliiachia kamba, nikapiga yowe la kumwita Mama Hadija, na yowe hilo nalo likamnyanyua.

Wanawe Mama Hadija walimshusha kwa machela ya mkeka, wakampakia mtumbwini, na ng'ambo wakapata lori la mkaa lililotupeleka hadi kituo cha afya cha Kibiti. Mama alikuja mbio kutoka sokoni, unga wa maandazi mikononi. Nesi mmoja mpole alikuwa ameshika kadi. Nilikuwa nimesimama karibu na kiwiko chake, nikamwona anaandika C, akapiga mkwaju, akaandika O. Akauliza:

"Analalamika maumivu tangu lini?"

Mama akanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa naye.

"Hajalalamika," nikasema.

"Hata kidogo? Mguu huu, na hajasema unamuuma?"

"Hajasema."

Mama alinikazia macho. "Mama yangu? Mama yangu *huyu* hajalalamika?" Aliniuliza kwa namna ambayo nilijua kuwa nikifungua mdomo dunia yangu itakwisha. Nikatikisa kichwa. Nesi alibaki na kalamu yake hewani, kisha akaiteremsha, akaweka kadi mezani vilevile.

Ilikuwa pepopunda. Wakamlaza chumba cha mwisho, wakaziba dirisha kwa shuka, wakakataza mtu yeyote kuongea kwa sauti, kwa sababu kelele humwongezea mikazo. Watoto hawakuruhusiwa. Siku ya pili mchana Mama alikwenda kuswali, nami nikaingia kwa ncha za vidole. Kulikuwa na giza la kijivu na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nilimwinamia sikioni, nikamnong'oneza, maana hata kumwomba msamaha kwa sauti sikuruhusiwa.

"Bibi, nimekuachia. Masharti yamekwisha. Nung'unika tu. Sirudi kwetu, wallahi sirudi. Nung'unika, Bibi."

Macho yake yalinijia. Nilimwona anajaribu. Ule mshipa wa shavuni ulicheza, koo likapanda na kushuka. Taya zake hazikufunguka. Chozi lilitoka pembeni ya jicho likaingia sikioni, nikalifuta kwa ukingo wa ile kanga ya Idi, niliyokuwa bado nimejifunika. Alifariki siku iliyofuata, asubuhi, saa zile ambazo angekuwa anaanza na goti.

Msibani watu walikaa kwenye mikeka wakastaajabu. Mtu aliyeinung'unikia dunia nzima, wakasema, ugonjwa wa kumwua ndio akaunyamazia. Bibi mmoja akatikisa kichwa akasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wenzake wakaitikia, kweli, kweli. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango na vikombe vya kahawa. Nilitaka kutoka niwaambie kuwa Bi Somoe hakuficha kitu, amefichishwa. Sikutoka. Niliosha vikombe. Wakati huo kule bondeni mpunga wake wote uliliwa na ndege, hapakuwa na wa kuvuta kamba.

Miaka mingi baadaye, chuoni nilikojifunza udaktari, tulikuwa na mwalimu mmoja mzee aliyependa maneno kuliko dawa. Siku tuliyojifunza kuandika kadi aliziandika zile herufi mbili ubaoni. Alitueleza kuwa neno complain siku hizi limechakaa, watu wanalitumia kwa mtu msumbufu, asiyeridhika, anayelalamikia huduma. Lakini zamani za kale, alisema, lilikuwa neno la msiba. Lilikuwa na maana ya kuomboleza, na ukilifuata mpaka kwenye Kilatini lilikotoka, wapo wasemao ni kujipiga kifua pamoja na wenzako. Baadaye likawa jina la ugonjwa wenyewe. "Kwa hiyo mgonjwa akilalamika," akasema, "usimwone mkorofi. Amekuja kukuomba mlie wote." Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa ya kutoka.

Ndipo nilipomfahamu. Bibi alikuwa mjane mwenye goti bovu, kwenye kibanda juu ya miti, watoto wake wote mjini. Ile sauti ya puani haikuwa ikitaka turekebishe chai wala mvua. Alikuwa anatuita tukae naye. Na ndiyo maana sahani aliikomba.

Nikaishi na jambo hilo. Ikawa kawaida yangu kazini, mzee akiniambia "Sina neno, mwanangu, nimechoka tu," simwachi aondoke. Namwambia, "Nung'unika, bibi, nina nafasi." Foleni inakuwa ndefu, wenzangu wananisema.

Lakini Mama sikuwahi kumwambia. Nilimwambia juzi, siku ileile ya kopo. Nilimkuta uani kwake anachambua mchele. Mama yangu si kama mama yake. Sijapata kumsikia akilalamikia chochote maishani. Nikamweleza yote: wali wa moshi, furushi, kidole chake cha shahada, kidole changu nilichokinyanyua, na Mama Hadija niliyemjibu asije. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilingoja anifukuze.

"Baba alimwambia anyamaze," akasema. "Kaka zangu walimwambia. Miye nilimwambia, na kwa maneno mabaya zaidi kuliko hayo yako. Hakumkubalia mtu." Akautazama mchele. "Alikukubalia weye tu."

Sikujua kama amenisamehe au amenimaliza. Nadhani yote mawili. Nilianza kulia, na Mama akaweka ungo chini, akajisogeza kwenye mkeka mpaka mabega yetu yakagusana. Kisha, kwa sauti ndogo ya puani niliyoitambua papo hapo, akaanza. Goti hili, mwanangu, linanisumbua tangu masika. Mgongo haulali. Na mama yake, akasema, amemlilia kimoyomoyo miaka yote hii na hajapata mtu wa kumwambia. Akajipiga kifua kwa kiganja, polepole, na mimi nikajipiga changu. Jirani alichungulia juu ya ua, akauliza kuna nini, na hapana aliyemjibu kuwa tu wazima.